Masaa 900 Si Umri: Historia ya Diski Inayolala

Kama umewahi kununua laptopu ya mtumba pale Luthuli ama Moi Avenue, huu mchezo unaujua. Muuzaji anawasha mashine, anafungua CrystalDiskInfo, anaweka kidole kwa skrini. "Bosi, jionee mwenyewe. Masaa 900 tu. Hii ni kama mpya." Mnunuzi mmoja anaamini na kuongeza elfu tano juu ya bei aliyokuwa amepanga. Mwingine anaangalia kibodi ambayo herufi zimeanza kufutika, anaangalia ile namba, kisha anapaza sauti hadi duka la tatu lisikie: "Umecheza na hii diski! Wewe ni mwizi!"

Mimi nasema wote wawili wamesoma namba vibaya. Wa kwanza amelipia ujana ambao haupo, na wa pili amemwita mtu mwizi bila ushahidi. Tena hii si ligi ya watu wa kompyuta peke yao. Laptopu ya mtumba ndiyo ofisi ya vijana wengi hapa mjini, iwe unahariri video, unaandika kodi za programu ama unafanya kazi za mtandaoni usiku. Ukikosea diski, unapoteza pesa na kazi zako zote kwa siku moja.

Kwa hivyo wacha nikupe historia, kwa sababu bila historia hiyo namba haisomeki. Kwa ufupi ni hivi: yale masaa si umri wa laptopu. Kwa SSD nyingi ni muda ambao diski ilikuwa macho. Na anayeamua ilale saa ngapi ni setingi za kuokoa stima.

Enzi za vitu vinavyozunguka

Mwaka wa 1956 IBM ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Hiyo diski ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, zote zikizunguka pamoja kwa mota moja. Jumla zilibeba herufi milioni 5. Leo picha moja ya simu yako inaweza kumaliza nafasi hiyo.

Tangu hapo, kwa miaka mingi, diski ilikuwa mashine kwa maana halisi: mota, beringi, na mkono unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Mashine ya aina hiyo inaisha kwa kuzunguka. Ndiyo maana kuuliza "imewashwa masaa mangapi?" kulikuwa na akili. Ni swali lile lile mtu anauliza akienda kununua trekta iliyotumika. Trekta haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa mita ya masaa.

Na hapo kwa trekta kuna siri moja. Kwenye trekta nyingi za zamani, mita ya masaa iliendeshwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka kwa kasi ya kulima, saa moja ya mita ni saa moja ya ukutani. Ukiiacha inguruma polepole chini ya mti, mita nayo inajikokota. Hakuna aliyeichezea. Ilitengenezwa kupima kazi ya injini, na saa ya ukutani ni kitu kingine. Weka hiyo akilini, tutaihitaji.

Namba 9 inazaliwa

Mwaka wa 1992 IBM ilikuwa na diski zinazojichunguza na kutoa onyo kabla hazijakufa. Mwaka wa 1995 Compaq ikapeleka mfumo wake wa aina hiyo kwa kamati ya pamoja ili utumike na kila mtu, na kampuni za diski kama Seagate, Quantum, Conner na Western Digital zikaunga mkono. Hapo ndipo tukapata jina SMART.

Ndani ya SMART kuna orodha ya vipimo, kila kimoja na namba yake. Namba 9 ni masaa ya kuwa na stima. Namba 12 ni mara ambazo diski imewashwa. Ukifungua CrystalDiskInfo leo kwa diski ya SATA, hizo namba bado ziko pale pale.

Lakini kuna kitu kiliachwa wazi. Kiwango rasmi kilieleza jinsi kompyuta itakavyoiuliza diski maswali. Maana ya kila kipimo ikaachiwa kampuni. Unajua kilichofuata? Kuna diski za Maxtor zilizohesabu namba 9 kwa dakika. Fujitsu wakahesabu kwa sekunde. Kuna za Samsung zilizohesabu kwa nusu dakika. Programu ya smartmontools, iliyoanzishwa mwaka wa 2002 na mwanafizikia Bruce Allen kule Wisconsin, ilibidi iwekewe maelekezo maalum ya kutafsiri kila lahaja. Usipotafsiri, diski ya mwaka mmoja inaonekana imefanya kazi tangu enzi za ukoloni.

Kwa hivyo hata kabla SSD hazijafika, neno "masaa" lilikuwa tayari linamaanisha kile mtengenezaji aliamua limaanishe.

Stima inaanza kubanwa

Mwaka huo huo wa 1992, serikali ya Marekani ilianzisha alama ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kuipata zilikuwa kompyuta na skrini. Watu wa laptopu nao walikuwa wanalilia betri idumu. Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba zikatoa ACPI, utaratibu uliowapa Windows na wenzake mamlaka ya kuamua kifaa gani kilale, na lini.

Kwa diski ya kuzunguka, kulala kulikuwa na bei yake. Kusimamisha mota na kuizungusha tena kunachukua sekunde kadhaa, na kila mara kunachosha vyuma. Kwa hivyo diski iliachwa dakika nyingi bila kazi kabla ya kuambiwa ipumzike. Na hata mota ikisimama, saketi zake kwa kawaida zilibaki na stima, hesabu ikaendelea. Mradi kompyuta imewashwa, saa ya diski na saa ya ukutani zilitembea pamoja, kama watu wawili wanaotoka kazini wakielekea steji moja.

SSD inafika, na inajua kulala

Intel ilitoa SSD yake ya X25-M mwaka wa 2008, na miaka michache baadaye SSD zikawa kitu cha kawaida kwa laptopu. Hakuna mota humo, hakuna beringi. Kulala na kuamka kukawa rahisi kama kupepesa macho.

Kwa SSD za SATA, usingizi una ngazi. Ya kwanza inaitwa Partial, ambapo muunganisho unatakiwa kuamka ndani ya mikrosekunde 10. Ya pili ni Slumber, ambayo inapewa hadi milisekunde 10. Mwaka wa 2013 ikaja DevSleep, usingizi wa mtu aliyetoka zamu ya usiku: diski inazima karibu kila kitu. Kwa SSD za NVMe nako kuna ngazi zake, na zile za chini kabisa ni hali ambazo diski haifanyi kazi yoyote mpaka iamshwe.

Sasa fikiria unasoma makala kwa laptopu. Ukurasa umeshafunguka, uko kwa kumbukumbu ya kompyuta, diski haina la kufanya. Inalala. Unabonyeza kitu, inaamka, inafanya kazi yake, inalala tena. Wewe umekaa hapo saa nzima. Diski kwa upande wake inaweza kuwa imekesha dakika chache tu.

Na hapa ndipo hesabu inapoachana na saa ya ukutani. Laptopu ina saa yake inayoendelea hata ukiizima, ndiyo maana ukiiwasha asubuhi inajua tarehe. SSD kwa kawaida haina kitu kama hicho. Inahesabu muda kwa mapigo ya chipu yake. Chipu ikizama kwenye usingizi mzito, mapigo yanasimama. Ikiamka, yenyewe haiwezi kujua kama imelala sekunde mbili ama tangu saa nne usiku. Diski nyingine huendelea kuhesabu hata zikiwa usingizini, nyingine huacha kabisa. Inategemea modeli.

Na si siri, imeandikwa. Toleo la kwanza la kiwango cha NVMe, la Machi 2011, lilisema wazi kwamba masaa hayo hayajumuishi muda ambao diski ina stima lakini iko kwenye hali ya nguvu kidogo. Matoleo ya baadaye yakalegeza lugha: huenda muda huo usihesabiwe. Soma hapo tena. Kiwango chenyewe kinasema *huenda*. Halafu sisi tunagombana dukani kana kwamba hiyo namba imeapishwa kortini.

Ni kama matatu kwenye jam ya Thika Road. Injini imenguruma masaa mawili, mita ya kilomita imesogea sita tu. Mwambie dereva hajafanya kazi, uone.

Laptopu mbili, setingi mbili

Chukua laptopu mbili zilizotoka kiwandani siku moja, zenye SSD ya aina moja, aina inayoacha kuhesabu ikilala. Ya kwanza anaitumia mhariri wa video. Iko kwa chaja muda wote, setingi ya nguvu imewekwa kwa kasi kamili, na diski haipewi nafasi ya kulala. Ya pili iko kwa karani anayeandika barua na kujaza majedwali, setingi ni ya kuokoa betri.

Wote wanafanya kazi masaa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, miaka 3. Ya mhariri itasoma karibu 6,240. Ya karani, tuseme diski yake iko macho saa moja tu kati ya kila 8, itasoma 780. Miaka ni ile ile, skrini zimechoka sawa, bawaba zimelegea sawa. Mchana huo huo, dukani, moja inaitwa mzee na nyingine inaitwa kama mpya.

Na si lazima mwenye laptopu aguse chochote. Kwa Linux, uwezo wa diski za NVMe kushuka zenyewe kwenye ngazi za usingizi uliingia na toleo la 4.11 mwaka wa 2017. Mwaka uliofuata, Fedora 28 ilianza kuwasha usingizi wa SATA kwa laptopu bila kumuuliza mtu. Kwa hivyo mtu anaweza kusasisha mfumo wake Jumamosi jioni, na kuanzia Jumapili diski yake ikaanza kuzeeka polepole kwa karatasi. Matumizi yake hayajabadilika hata kidogo.

Siku masaa yenyewe yalipoua diski

Usidhani basi hii namba ni pambo. Kuna wakati iliamua nani anabaki na data yake.

Januari 2012, Crucial ilitoa programu mpya ya ndani kwa SSD yake ya m4, kwa sababu diski hizo zilikuwa zinaganda zikifika masaa 5,184. Ukiwasha upya kompyuta, unapata kama saa moja, halafu inaganda tena. Kompyuta isiyozimwa inafika hapo kwa siku 216. Ya kutumika masaa 8 kwa siku inahitaji siku 648. Kosa lile lile, siku tofauti kabisa ya kuumia, kulingana na jinsi masaa yalivyohesabiwa.

Kubwa zaidi ilikuja Novemba 2019. HPE ilionya wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake za seva zitakufa zikifika masaa 32,768. Hiyo ni miaka 3, siku 270 na masaa 8. Si kuganda, ni kufa: diski hairudi na data hairudi. Ukipenda hesabu, 32,768 ni 2 ikizidishwa yenyewe hadi ziwe 15, na ni moja zaidi ya namba kubwa inayotosha kwenye nafasi ya biti 16 ikiwa biti moja imewekewa alama ya hasi. Machi 2020 likaja onyo la pili kwa kundi lingine la diski, safari hii ni masaa 40,000, yaani miaka 4, siku 206 na masaa 16.

Kwa nini hili liliwatisha wenye seva kuliko wenye laptopu? Kwa sababu seva hailali. Inafanya kazi usiku na mchana, na mara nyingi mafundi huzima setingi za kuokoa stima ili isichelewe hata kidogo. Kwa seva, masaa ya diski na masaa ya ukutani ni kitu kimoja. Na seva hununuliwa na diski zake zote kwa pamoja, zikawashwa siku moja. Watu huweka diski kadhaa ili moja ikifa nyingine zibebe mzigo. Sasa kama zote zimepangiwa kufa saa ile ile, hiyo akiba ni ya nini?

Kwa hivyo namba ile ile ina maana mbili. Kwa seva ni kalenda. Kwa laptopu inayookoa betri ni daftari la muda wa kukesha tu.

Sasa ukiwa dukani ufanye nini?

Usiangalie namba moja peke yake. Zipambanishe.

Kwanza, masaa dhidi ya mara za kuwashwa. Tuseme masaa ni 900 na mara za kuwashwa ni 1,400. Gawanya: ni kama dakika 38 kila mara. Nani anawasha laptopu kwa dakika 38 halafu anazima, mara 1,400? Jibu la karibu zaidi ni kwamba diski ilikuwa inalala na hesabu ikalala nayo. Tena mtu anayewasha mara mbili kwa siku, siku 5 kwa wiki, anafikisha hizo 1,400 kwa karibu miaka 2 na miezi 8. Hapo umeanza kuona umri halisi.

Pili, angalia data iliyoandikwa. SSD inachakaa kwa kuandikwa, haichakai kwa kukaa na stima. Hata watengenezaji wenyewe hutoa dhamana kwa miaka ama kwa kiasi cha data, kipi kitatangulia. Samsung 970 EVO ya GB 500, kwa mfano, ilipewa miaka 5 ama TB 300. Ukiikuta imeandikwa TB 12, hiyo ni asilimia 4. Diski ina maisha, hata kama masaa yanasoma elfu sita. Ukikuta masaa 900 na TB 150, hapo uliza maswali.

Tatu, kwa NVMe kuna asilimia ya matumizi ambayo diski inajikadiria, kuna makosa ya data, na kuna mara ambazo ilikatiwa stima ghafla. Zote ziko ukurasa ule ule.

Nne, tafuta tarehe nje ya diski: mwaka ambao modeli ya laptopu ilitoka, lebo iliyo chini, hali ya betri. Laptopu ya miaka sita yenye diski ya masaa 40 inaweza kuwa imebadilishiwa diski. Hiyo si dhambi, inaweza hata kuwa habari njema, lakini uambiwe.

Na ndiyo, wezi wapo. Mwanzoni mwa 2025, jarida la Heise la Ujerumani liliripoti wanunuzi waliouziwa diski za Seagate zilizotumika kana kwamba ni mpya, masaa ya SMART yakiwa yamefutwa. Hizo zilikuwa diski za kuzunguka, na Seagate ilisema si yenyewe iliyoziuza hivyo. Walinaswaje? Diski hizo zina rekodi nyingine ndani, inaitwa FARM, ambayo haikuwa imefutwa. Kuna zilizoonyesha maelfu kwa maelfu ya masaa. Njia ni ile ile: namba moja inaulizwa na namba nyingine.

Maoni yangu

Tunapenda namba moja kwa sababu inatupunguzia kazi. Mimi niliacha chuo, na nimeona watu wakihesabu mihula niliyokaa darasani kisha wakadhani wamepima ninachojua. Hawajauliza usiku nilikuwa nafanya nini. Nayo hii ya masaa ya diski iko hivyo. Mwaka wa 1995 ilikuwa namba nzuri kwa vitu vinavyozunguka. Diski zikabadilika, setingi zikabadilika, jina likabaki lile lile, na sisi tukaendelea kulisoma kwa macho ya zamani.

Kwa hivyo muuzaji, acha kuuza masaa. Onyesha data iliyoandikwa, na ukiwa na mali safi utaiuza haraka zaidi. Mnunuzi, kabla ya kuita mtu mwizi, gawanya masaa kwa mara za kuwashwa, inachukua nusu dakika kwa simu. Na ukinitumia picha ya skrini kwa DM kuuliza kama laptopu ni poa, tafadhali usikate ile sehemu ya chini. Tuma ukurasa wote.